Mgeni Kwenye Duara, na Ulimi wa Wenyeji

Portland, London, Amsterdam na miji mingine ya Marekani na Ulaya ina maduara madogo ya watu wanaokutana kuzungumzia waliyoyapitia kwa uyoga, LSD, ayahuaska na dawa nyingine za saikedeliki, yaani zile zinazobadilisha kwa saa kadhaa namna mtu anavyoona, anavyohisi na anavyojielewa. Kwenye kikao chenyewe hakuna anayemeza chochote. Watu wanaketi, wananywa chai, na kila mmoja kwa zamu anaeleza kilichomkuta na anavyojaribu kuishi nacho akiwa amerudi kazini na kwa watoto wake. Ikiwa wewe ni Mswahili wa ughaibuni uliyepewa kazi ya kuendesha duara la namna hii, au unataka kulianzisha na wenzako, haya nimekuandikia wewe.

Nitashughulika na mambo mawili: mgeni anavyopokewa, na mjadala wa matusi, ambao hautakosa kuzuka. Nayaweka pamoja kwa sababu mgeni wa jioni ya kwanza hasemi kwamba lugha ya wenyeji imemkwaza. Anachukua koti lake, anaaga kwa adabu, harudi tena. Wenyeji wanabaki wakiambiana kwamba hakuna aliyelalamika.

Kwanza sheria, maana hiyo haisubiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliweka LSD na silosibini, kemikali iliyomo kwenye uyoga huo, katika jedwali lake kali kuliko yote, na nchi nyingi zimeshikilia msimamo huo hadi leo. Kenya ina sheria yake ya 1994 na Tanzania ya 2015, na zote mbili zina adhabu nzito. Uingereza ilipiga marufuku hata uyoga huo ukiwa mbichi mwaka 2005. Jimbo la Oregon, Marekani, limekwenda njia nyingine: wapiga kura walipitisha mwaka 2020 utaratibu wa kutumia silosibini chini ya uangalizi wa watu wenye leseni, na huduma zikaanza 2023. Australia nayo, tangu Julai 2023, inaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuandikia baadhi ya wagonjwa silosibini au MDMA. Mtu anayeishi Portland, huko Oregon, asisahau kwamba ruhusa ya huko haivuki naye mpaka anaporudi Mombasa kwa likizo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza isomwe kila kikao, kwa sauti, hata kama wote wanaijua: hapa hatuuzi, hatununui, wala hatuelekezani kwa muuzaji.

Sasa mgeni mwenyewe. Kuna aliyesoma habari za majaribio ya dawa hizi kwenye vyuo vikuu vya Johns Hopkins au Imperial College, amekuja kuuliza. Kuna aliyechoka na sonona ya miaka, vidonge havikumsaidia, na anatafuta tumaini. Kuna aliyepita safari ya kutisha chini ya dawa hizo na hajapata wa kumweleza, kwa kuwa mama yake angelia na shehe au mchungaji wake angeanza na toba kabla ya kumsikiliza. Na kuna anayetafuta muuzaji. Huyu mjibu kwa ile kanuni iliyokwisha kusomwa, bila kumkemea, kisha muulize kwa nini anaitaka dawa hiyo. Mara nyingi utakuta ni yuleyule wa sonona.

Muda wako mwingi mpe aliyetishika. Mradi wa Zendo, ulioanza 2012 kuwahudumia watu waliozidiwa kwenye matamasha kama Burning Man kule Nevada, unawafundisha wahudumu wake mambo manne: waandae mahali salama, wakae na mtu badala ya kumwongoza, wazungumze naye alipite jambo lake, wasimvute kutoka humo, na wakumbuke kwamba jambo kuwa gumu hakulifanyi kuwa baya. Mafunzo hayo yalikusudiwa kwa mtu ambaye dawa bado inafanya kazi mwilini, lakini yanamfaa vilevile aliyerudi wiki tatu zilizopita na sauti yake bado inatetemeka akisimulia.

Tuseme mama wa makamo ameingia. Ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango na hajavua koti. Zamu inamfikia, anasema, “Mimi nimekuja kusikiliza tu.” Mwenyeji mwenye haraka atamjibu, “Jisikie huru, hapa hatumhukumu mtu.” Nia ni njema, ila tayari amemsukuma aongee, na tena amemtajia hukumu ambayo pengine hakuwa akiifikiria. Mwambie, “Karibu sana, mama, kusikiliza ni kushiriki,” kisha mgeukie anayefuata papo hapo, macho ya watu yamwache. Huenda baada ya nusu saa koti likavuliwa. Akija kusema kuelekea mwisho kwamba aliliona kaburi la baba yake likiwa wazi, usiharakishe kumfasiria. Muulize, “Ulikuwa na nani wakati huo?” Swali dogo kama hilo linamrudisha kwenye tukio lake mwenyewe. Tafsiri yako, hata ikiwa ya busara, inamhamishia kwenye mawazo yako, na akitoka hapo atakuwa amebeba mizigo miwili.

Salamu zisidharauliwe. Wapo wanaodai kwamba dawa hizi zinafuta umri na vyeo, hivyo ndani ya duara wote ni “mambo vipi”. Siafiki hata kidogo. Mtu aliyefika akiwa na woga anahitaji kitu anachokijua, na mtu wa rika la mama yako akipewa shikamoo yake anajua kwamba ameingia mahali penye watu, si kwenye genge. Usawa utaonekana pale kijana na mzee watakapopewa dakika sawasawa za kuzungumza.

Mlangoni mweke mtu maalumu, asiwe yule anayeendesha kikao. Huyo mpokezi afike mapema, amjue mgeni kwa jina alilochagua mwenyewe kuitwa, na kabla hajaketi amweleze mambo machache: kikao kinaanza saa moja jioni na kinaisha saa tatu, anaweza kutoka wakati wowote bila kutoa sababu, choo kiko wapi, simu zinawekwa kwenye kikapu, na kinachosemwa humu hakitoki na jina wala sura ya mtu. Amwonye pia kuhusu lugha atakayoisikia. Hilo nitalirudia.

Usiwazungushe watu wajitambulishe kwa jina kamili, wanakotoka na wanakofanyia kazi. Kwa mwenyeji wa mji huo ni mazoea tu. Kwa mhamiaji ni hatari. Nchini Marekani asiye raia anaweza kuingia matatani na uhamiaji kwa kukiri tu kosa la dawa za kulevya, hata kama hajawahi kuhukumiwa na mahakama. Nesi mwenye viza ya kazi anayejitambulisha kwa hospitali yake, kisha akasimulia safari yake ya uyoga, amewakabidhi watu asiowajua kitu kinachoweza kumharibia maisha. Wajibu wa kumwonya ni wako, na umwonye kabla hajafungua kinywa.

Anayedhani natia chumvi atazame yaliyompata María Sabina, mganga wa Kimazateki wa Huautla de Jiménez, milimani Oaxaca, Mexico. Mwezi Juni 1955 alimruhusu mwanabenki wa New York, R. Gordon Wasson, kushiriki kesha la uyoga, kesha ambalo kwa kawaida lilifanywa kwa ajili ya wagonjwa. Alimpokea vizuri. Miaka miwili baadaye, Mei 1957, Wasson alichapisha simulizi yake katika jarida la Life, ikiwa na picha. Jina la mganga alilibadilisha, lakini mahali palijulikana upesi, na miaka ya 1960 vijana wa Marekani na Ulaya wakamiminika Huautla. Polisi wakafuata. Watu wa mji wake wakamlaumu yeye, na nyumba yake ikachomwa moto. Aliishi hadi 1985. Ukarimu wake haukuwa na kasoro. Mgeni ndiye aliyetoka na kitu ambacho hakikuwa chake. Mgeni wako aambiwe mapema, mlangoni, kipi hakitoki. Ukimwambia baada ya yeye kwenda kusimulia mjini, umechelewa.

Afya pia ina mahali pake, hata kama wewe si daktari, na hasa kwa kuwa si daktari. Mgeni akisema anatumia lithiamu na anafikiria LSD au uyoga, asiondoke bila kuambiwa kwamba kuna taarifa za watu waliopata degedege kwa mchanganyiko huo. Akitaja ayahuaska na huku anameza dawa za sonona, aambiwe kwamba kinywaji hicho kinazuia kimeng’enya mwilini na kwamba vikikutana vinaweza kumletea sumu ya serotonini, ambayo inaweza kuua. Wala asiache vidonge vyake ghafla kwa sababu ya maneno ya duara. Aende kwa daktari wake. Mwenye historia ya saikosisi au ugonjwa wa hisia mseto, yeye au nduguze wa damu, ajue kwamba majaribio mengi ya hospitali humwacha nje kwa makusudi. Na mtu ambaye hajalala siku kadhaa, anayesikia sauti, au anayezungumzia kujiua, duara halimtoshi: mpelekeni hospitali, mtu mmoja akae naye hadi apokewe. Kwa aliyeko Marekani na mwenye hofu isiyofikia hapo, kuna Fireside Project, iliyoanza 2021 kuwasikiliza watu kwa simu wakiwa ndani ya safari au baada yake.

Tuje kwenye ulimi.

Matusi huingia kwenye maduara haya kwa njia ya kueleweka. Mtu anajaribu kueleza hofu ambayo hakuwahi kuijua, maneno ya kawaida yanamwishia, anaropoka. Mwingine analia na kutukana kwa pumzi moja. Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo wanafunzi walitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu. Waliporudiarudia tusi walivumilia muda mrefu kuliko waliporudiarudia neno la kawaida. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba nafuu hiyo hupungua kwa mtu anayetukana kila siku. Kwa hiyo wanaosema tusi humsaidia mwenye maumivu hawakukosea. Wala hawakukosea wanaosema kwamba aliyelizoea hapati chochote, ila anawachosha wenzake.

Kwa Waswahili kuna jambo la ziada. Jean-Marc Dewaele, ambaye kwa miaka mingi amechunguza hisia za watu wa lugha nyingi, ameonyesha kwamba kwa kawaida tusi huwa zito zaidi katika lugha ya kwanza ya mtu kuliko katika lugha alizojifunza ukubwani. Ndiyo maana kijana aliyelelewa Tanga anaweza kumwaga matusi ya Kiingereza bila moyo kumgonga, huku mtu aliyezaliwa Leeds akikunja uso. Halafu neno moja la Kiswahili linalomgusa mama likitamkwa, chumba chote kinanyamaza. Hata ndani ya Kiswahili hatulingani. Neno ambalo vijana wa Nairobi wanarushiana kwa kicheko linaweza kumfanya mtu wa Pemba ainuke na kuondoka. Ukiandika orodha ya maneno yaliyokatazwa utakuwa umeandika orodha ya mtaa wako.

Ushauri wangu ni huu: msigawe maneno kuwa safi na machafu, gaweni nafasi za wazungumzaji. Anayesimulia yaliyomkuta ana uhuru mpana wa ulimi. Anayemjibu hana. Msimuliaji anapambana na maumivu yake, na ukimkatiza ili asafishe sentensi umemkata pale alipokuwa karibu kufika. Anayejibu hana dharura hiyo. Kila neno lake linamwangukia mwenzake aliyekwisha kujifunua. Nje ya zamu ya kusimulia, yaani kwenye chai, mlangoni na katika majibu, lugha iwe ya heshima. Nimeuona mgawanyo huu ukikubalika na watu waliokuwa hawakubaliani kwa lolote, kwa sababu hauwaambii kwamba mdomo wao ni mchafu. Unawaambia zamu ni ya nani.

Uhuru wa msimuliaji una mpaka pia. Matusi ya nguoni yasitamkwe hata kwa utani, kwa kuwa daima yanamwangukia mama wa mtu, na mama huyo anaweza kuwa ameketi hapo. Maneno ya kudhalilisha kabila, dini, rangi, jinsia au ulemavu hayana zamu wala udhuru.

Halafu kuna kijembe, na hapa nataka uwe macho kuliko popote. Mswahili hahitaji tusi ili amtukane mtu. Ukiweka kanuni kali ya maneno bila kugusa nia, utavuna mafumbo: “Ah, kumbe ni mara yako ya kwanza, utaelewa tu.” “Wengine tulianza kabla haijawa fasheni.” “Hiyo dozi uliyochukua wewe ni ya kuonja.” Hakuna neno chafu hata moja humo, na mgeni amekwisha kuvuliwa nguo mbele za watu. Majigambo ya dozi yanamdhuru zaidi ya dharau yenyewe, maana mgeni aliyebezwa anaweza kwenda kutafuta kipimo kikubwa ili arudi akiwa sawa na wenyeji. Kijembe kwa mgeni kikemewe kama tusi, palepale, na aliyekitoa aambiwe kwa jina.

Mjadala wenyewe msiuendeshe usiku tusi lilipotamkwa, damu ikiwa bado moto, wala siku kuna mgeni. Tengeni kikao chake. Aanze aliye mtulivu kuliko wote, kisha vijana, na wazee wamalizie. Mzee akitangulia, kijana atameza maoni yake. Kila mmoja ajibu maswali mawili ya wazi: ni neno gani lililowahi kukufanya utamani kuondoka, na ni lini kukatazwa neno kulikufunga mdomo? Maswali haya yanaleta visa badala ya misimamo, na visa ni rahisi kupatanisha.

Msiharakishe kupiga kura. Waliobaki chumbani ni wale ambao lugha ya duara haikuwafukuza, kwa hiyo kura yao inajulikana kabla haijapigwa. Kabla ya kikao, mpigie aliyekuja mara moja asirudi, au mwandikie ujumbe mfupi kama huu: “Dada, hatukuiti kwa nguvu. Tunapanga kanuni zetu na tungependa kujua kama kuna jambo tulilolisema ambalo halikukaa vizuri.” Wengine hawatajibu. Jibu la mmoja, likisomwa mbele ya wote bila jina lake, litakuwa na uzito kuliko hoja kumi za waliozoea.

Mkikubaliana, kanuni iandikwe fupi, kwa Kiswahili cha kuzungumza. Kwa mfano: “Ukisimulia yako, tumia maneno yanayokuja. Ukimjibu mwenzako, mjibu kwa heshima. Hatutukani mtu, mama wa mtu, kabila wala dini. Hatujigambi kwa dozi.” Mpokezi amsomee mgeni hapo mlangoni na kuongeza kwamba huenda akasikia maneno makali kutoka kwa mtu mwenye maumivu, na kwamba hayamlengi yeye. Onyo hilo la nusu dakika linamwepusha na mshtuko mwingi.

Kanuni ikivunjwa, anayeendesha aseme kwa sauti ya kawaida, “Kaka, rudi kwenye jambo lako,” na kikao kiendelee. Ikirudiwa, mazungumzo ya pembeni baada ya kikao, watu wawili tu. Ikifika mara ya tatu, apumzike vikao kadhaa, na aambiwe tarehe ya kurudi ili asidhani amefukuzwa. Lakini tusi likimlenga mtu, msiende kusuluhisha jikoni. Ametukanwa mbele za watu, aombwe radhi mbele za watu, usiku huohuo, kabla viti havijapangwa. Na ikiwa aliyeropoka ni mgeni mwenyewe, katikati ya kulia, mwacheni amalize. Kanuni atakumbushwa akiwa na kikombe mkononi, na mtu aliyempokea.

Siku mbili baada ya kikao mpigie simu aliyekuja mara ya kwanza. Usimuulize kama atarudi. Muulize amelala vipi na kama kuna kitu kimembana tangu siku ile, maana wengine kusikia simulizi za wenzao huwaamshia zao. Akija mara ya pili, mwache asikilize tena akitaka. Mara ya tatu mpe jembe: apange viti, achemshe chai, ashike kikapu cha simu. Na kanuni ya lugha itakapofika wakati wa kupitiwa upya, tuseme baada ya miezi sita, kikao hicho kiongozwe na mmoja wa waliojiunga karibuni, wenyeji wa siku nyingi wakae upande wa kujibu maswali.